Sauti ya Bibi Ndani ya Sipiyu

Kompyuta yetu ya kwanza nyumbani Nachingwea ilikuwa na tabia ya mgonjwa anayependa kujuliwa hali. Ukiiwasha, kabla haijakuruhusu kufanya lolote, skrini iligeuka buluu, maandishi meupe yakajipanga juu yake yakisema kwamba diski inahitaji kukaguliwa, na kwamba asiyetaka ukaguzi abonyeze kitufe chochote. Kisha ilianza kuhesabu ikirudi nyuma kukungoja uamue. Mimi si mtu wa subira, na yeyote niliyewahi kumfundisha kule Ruangwa atakuthibitishia. Nilibonyeza. Kesho yake ikiuliza tena nilibonyeza tena, kwa kidole kilekile, huku nikiitukana kwa sauti ambayo mama aliisikia jikoni.

Ningeendelea hivyo hadi mashine inifie mikononi kama ndani yake kungekuwa na mitihani yangu ya majaribio tu. Mitihani inatungwa upya. Lakini humo ndani alikuwamo bibi, mama yake baba, na yeye hangeweza kutungwa upya.

Baba yangu ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka akiwa kijana, wakati wa vita vya kule, akafika Nachingwea akiwa na shati moja na nguvu za kulima. Akapata kibarua, akapata mke Mmwera, akapata mikorosho, akawa mtu wa hapa. Mama yake alibaki kule. Hakujua kusoma wala kuandika, na baba hakupenda maneno ya mama yake yapite kwenye mdomo wa mtu mwingine ndipo yamfikie yeye. Miaka ya tisini, kulipotulia na watu wakaanza kuvuka mto kwa biashara bila kuviziana, zikaanza kuja kaseti. Wengi wa kwetu walifanya hivyo. Badala ya kuandika barua unaazima redio ya jirani, unabonyeza kitufe chekundu, unasema yako yote, halafu unamkabidhi kaseti mtu anayesafiri. Baba alisikiliza za mama yake, akarekodi zake, akatafuta mtu wa kurudi nazo. Katika kila kaseti alimwahidi kwamba mwakani angekwenda kumwona. Mwakani haikufika. Siku moja ikaja kaseti yenye sauti ya baba mdogo aliyebaki naye kule, peke yake, na hatukuhitaji kuisikiliza hadi mwisho ili tujue.

Kompyuta niliinunua mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mtumba kutoka Dar es Salaam. Ilishushwa Nanganga ikiwa imeviringishwa kwenye godoro la futi mbili, ikamalizia safari nyuma ya pikapu iliyokuwa imetoka kupeleka ufuta. Niliiweka kwa wazazi kwa sababu mtaa niliopanga Ruangwa ulikuwa bado haujapata umeme. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho kikiisha, nilitafuta gari la Nachingwea, nikaingia nyumbani nimejaa vumbi jekundu hadi kope, na kabla sijanawa vizuri nilikuwa nimeshaiwasha. Mama alikuwa akisema kwamba siku hizi mwanawe anakuja kumsalimia kompyuta, wazazi anawakuta tu.

Baba aliipa mashine ile heshima ya mgeni wa serikali. Akaihamishia chumba cha mbele, akaweka nondo dirishani, akabadilisha komeo la mlango. Ile boksi yenyewe, ambayo mtaa mzima uliiita sipiyu, aliishonesha kifuniko cha kitenge. Alisema kitu cha thamani kinakaa kwenye chumba chenye komeo, na hilo sikuwa na sababu ya kulipinga.

Wakati huo zile kaseti zilikuwa taabani. Utepe umelegea, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayeongea akiwa kwenye baiskeli, na redio yetu ilikuwa na uroho wa kuzila. Likizo moja nikanunua waya wa kuunganisha redio na kompyuta, nikaziingiza zote, moja baada ya nyingine. Nilipunguza sauti kabisa, nikakaa pembeni nasahihisha madaftari, utepe ukiisha nageuza upande wa pili. Sikuzisikiliza. Yale yalikuwa mazungumzo ya mtu na mama yake, na isitoshe Kimakonde changu kilikuwa cha kuombea maji. Sisi tulikua na Kimwera cha mama na Kiswahili cha shule. Kazi ilipokwisha nilimtangazia baba, kwa majigambo yote ya mwenye kompyuta, kwamba bibi sasa yuko salama, hataliwa tena na redio.

Baba ni mtu asiyeweza kuvumilia kitu kizuri kikae bure. Aliposikia hivyo akazikusanya kaseti zote akawapa kwaya ya kanisani. Kwaya wakaziba kwa selotepu vile vitundu vya juu vinavyozuia kaseti isirekodiwe upya na kurekodi nyimbo za Pasaka juu yake. Nilicheka sana niliposikia. Basi bibi akawa amebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya diski, chini ya kitenge, chumba cha mbele.

Jumapili baada ya ibada baba alikuwa akiniita. "Mama, niwashie," aliniambia, kisha akajifungia humo ndani peke yake. Nilimfundisha kushika kipanya, akajua kubonyeza mara mbili juu ya kile kialama cha spika, akajua kuongeza sauti. Zaidi ya hapo hakutaka kujua.

Ukaguzi wa diski ulianza katikati ya mwaka, kipindi kile cha baridi ya asubuhi, mikorosho ikijiandaa kutoa maua. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa baba mwenyewe. Nilikuwa nimemkuta akiizima kompyuta ukutani, swichi moja, kwisha, kama anavyozima redio. Nikamweleza kwamba mashine hii lazima iagwe kwanza, ukiikata ghafla inaamka kesho yake ikiwa haijui ilipoishia, ndiyo maana inajikagua. Akaelewa. Akaacha. Wiki iliyofuata skrini ikawa buluu palepale, na mimi nikamvaa. Nilimwambia kwamba aliizima tena ukutani. Akasema hajaigusa. Nikamwambia mashine haisemi uongo. Akavaa kofia yake akaenda shamba, na mama akaniambia kwamba huyo unayembishia ni baba yako, si mwanafunzi wa kidato cha pili.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa umeme, na hapo nilipata wa kunisapoti mtaa mzima. Umeme wetu siku zile ulikuja na kuondoka bila kubisha hodi. Mashine ya kusaga ya jirani ikianza kuunguruma, taa zetu zilififia zikawa za njano. Nikanunua stebilaiza, kidude kizito chenye sindano iliyokuwa ikichezacheza muda wote, nikaunganisha, nikakaa nikingoja ushindi. Skrini ikawaka. Ikawa buluu.

Kisha ikafika Jumapili ambayo baba alitoka chumbani kabla ya wakati wake. Alisimama mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake amekwama. Niliingia nikasikia. Bibi alikuwa amefika katikati ya neno, na silabi ile ikawa inajirudia, inajirudia, huku ndani ya boksi kukigonga taratibu kama mtu anayebisha kwa kucha. Nikazima. Nilipowasha, nikauacha ule ukaguzi uanze kwa mara ya kwanza, ukatambaa asilimia chache, ukakwama, ukaandika kwamba kuna sehemu za diski hazisomeki. Pale ndipo nilipoogopa. Nilifunika kitenge nikatoka nje nikasimama uani bila kazi.

Fundi tuliyekuwa naye mjini alikuwa fundi redio wa siku nyingi aliyeongeza kompyuta kwenye kibao chake cha mlangoni baada ya kozi fupi Mtwara. Mtu mwema, mcheshi, na kwa kila ugonjwa wa kompyuta alikuwa na dawa moja. Alikuja nyumbani, akaitazama, akasikiliza zile kucha zinazobisha, akatikisa kichwa.

"Hii tupige fomati, mwalimu. Itakuwa mpya kabisa."

Baba akauliza fomati ni nini. Fundi akamweleza kwa furaha kwamba unafuta kila kitu kilichomo, diski inabaki nyeupe, unaanza upya. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono. Akainuka, akaenda akaweka kiganja chake juu ya boksi, juu ya kile kitenge.

"Hiyo dawa gani, ya kumponya mgonjwa kwa kumzika?"

Fundi alipoelewa kilichomo ndani hakucheka. Alisema basi tusiiwashe ovyo, kila tunapoiwasha tunaichosha, tutafute njia. Lakini njia yenyewe hakuwa nayo, na mimi sikuwa nayo.

Nikaamua kuipeleka Ruangwa. Ofisi ya shule ilikuwa na jenereta, na nilitaka kujua kama umeme wa jenereta ungeleta tofauti. Nilisafiri nimeipakata mapajani njia nzima, kila shimo nikaipokea mimi kwanza. Tulipofika Nandagala mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Asubuhi nikaunganisha, nikawasha, nikangoja buluu. Haikuja. Ikafunguka moja kwa moja, nyepesi, kama haijawahi kuugua. Nikaizima, nikaiwasha tena, vilevile. Juma zima haikunidai ukaguzi hata siku moja. Nilipiga simu nyumbani kupitia kwa jirani, nikawaambia bibi ameamka, ni umeme wa Nachingwea tu uliokuwa unamsumbua.

Msomaji anayejua kompyuta atauliza kwa nini sikuzitoa zile sauti palepale nikaziweka mahali pengine. Ningeziweka wapi? Kompyuta ya ofisi ilikuwa na diski ndogo iliyojaa matokeo, na kale kadude ka kuandikia sidii hakakuwapo Ruangwa nzima, au kama kalikuwapo mimi sikukaona. Na ukweli ni kwamba niliamini imepona. Mtu aliyepona humtafutii sanda.

Nikairudisha nyumbani. Ikafanya kazi vizuri siku chache, baba akafurahi, akanunua kuku. Halafu skrini ikawa buluu.

Hapo ndipo mama aliposema lake. Mama alikuwa hakipendi kile chumba tangu mwezi ule wa baridi. Alisema kinamkaba kifua, kina harufu, na kwamba kitu kikitoka humo kikaenda Ruangwa kinapona, kikirudi humo kinaugua, hata mtoto mdogo angejua kuwa chumbani kuna kitu. Alitaka aitwe mtu wa kuja kusoma dua au kumwaga maji, lolote, yeye hakuchagua dini. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba kompyuta hairogwi. Akasema hajasema imerogwa, amesema chumbani kuna kitu.

Jumamosi moja alikuwa akifagia humo kwa hasira, maana tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi. Mama ana bangili mbili za shaba alizopewa na mama yake alipotoka unyagoni, pacha kabisa, na moja ilikuwa imepotea tangu siku aliyokuja kupanga viti vya wageni humo. Ufagio ukaivuta kutoka nyuma ya meza. Akaja nayo uani akaiweka mbele yangu, kisha akavua ile ya mkononi akaiweka kando yake. Ya mkononi ilikuwa nyekundu inang'aa. Ya chumbani ilikuwa nyeusi, nyeusi kama imetolewa jikoni, na ukiikwangua kwa ukucha weusi ulitoka vipandevipande.

"Haya," mama alisema. "Niambie tena kwamba humo hamna kitu."

Nywele zilinisimama, nakiri, na shahada yangu yote. Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi akinoa panga. Akainyoosha shingo kuitazama bangili, akacheka kidogo.

"Hiyo salfa tu hiyo," alisema. "Nani asiyejua? Mtu akienda kupulizia anaacha pete nyumbani. Ukivaa, inarudi nyeusi."

Akarudi kwenye panga lake. Lilipita jiwe mara moja, likasimama.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Salfa ni unga wa njano tunaoupulizia mikorosho kwa bomba la injini ili maua yasioze kwa ule ugonjwa wa ubwiriunga. Msimu ukifika, asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, mashamba yote kuanzia kwetu hadi Ruangwa yanatoa moshi wa njano, na watu wanarudi macho mekundu kama waliofiwa. Salfa ni maisha. Ni kitu cha kuibiwa pia. Mwaka uliotangulia walivunja banda letu la shambani wakabeba yote, na mikorosho ya baba ikazaa majani. Kwa hiyo mwaka huu mzee aliwaza vizuri kabisa. Kitu cha thamani kinakaa kwenye chumba chenye komeo. Kila mfuko aliopata aliuleta chumba cha mbele, akaupanga nyuma ya meza ya kompyuta, kimo cha kiuno, akafunika turubai. Sote tulikuwa tukiiona. Mimi nilikuwa nikiegemeza miguu juu yake ninapochapa mitihani. Kila mmoja ndani ya nyumba ile alijua salfa inakula shaba na fedha, ni elimu ya kila mtoto wa mkulima wa korosho, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kompyuta imetengenezwa kwa nini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikwenda chumbani na bisibisi, nikafungua ubavu wa boksi. Feni ilikuwa na ndevu za njano. Unga ulikuwa umelala juu ya kila kitu, laini, na harufu yake ilikuwa ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Nikachomoa ule waya bapa wa kijivu unaoingia kwenye diski. Vile vipini vidogo vilivyojipanga mlangoni mwa diski, ambavyo vinapaswa kung'aa, vilikuwa na rangi ya bangili ya mama. Sasa safari ya Ruangwa ikajieleza yenyewe. Haikuwa jenereta iliyoiponya. Ni mashimo ya barabarani: kila mtikisiko ulikwangua kidogo, chuma kikagusana na chuma, mashine ikapata kuona. Ikirudi chumbani, weusi unaanza upya.

Nilitoka nje nimejaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga, na yalikuwa makali. Nikamkuta baba amekwisha kuanza kubeba. Alikuwa na mfuko begani, shati limegeuka njano, anapita uani kuelekea banda la mbuzi bila kumtazama mtu. Alirudi akachukua mwingine. Umri wake ule haukuwa wa kubeba mifuko, lakini nilipotaka kumpokea alizungusha bega. Mama alisimama na bangili zake mbili mkononi, na yeye, aliyekuwa na haki ya kucheka kuliko sote, hakucheka. Turubai lilipokuwa limebaki peke yake sakafuni baba alisimama mbele yangu.

"Nimemuua, mama?"

Maneno yangu makali yakanipotea yote. Nilimwambia hapana. Sikuwa na hakika, lakini nilisema hapana, na niliisema kwa nguvu ya mtu mwenye hakika.

Fundi alipoona ile bangili alipiga mbinja, akaomba radhi kwa fomati yake, akafunga duka. Tuliitoa diski tukaiweka juu ya kitambaa cheupe mezani kwake. Chini ya diski kuna kibao cha kijani kilichoshikwa na skrubu za umbo la nyota, na bisibisi ya nyota mjini haikuwapo, kwa hiyo akachukua bisibisi nyembamba akaisugua kwenye jiwe hadi ikaingia. Kibao kilipofunguka tukaona kwa ndani vijidoa vya madini vinavyokigusanisha na tumbo la diski. Vyeusi. Akaniuliza kama nina ufutio. Mwalimu gani hana ufutio? Nilitoa kwenye mkoba ule wenye upande mwekundu na upande wa buluu, na yeye akachagua upande wa buluu, ule wa kufutia wino, akaanza kusugua doa moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayempaka dawa mtoto jicho. Rangi ya dhahabu ikawa inarudi. Vile vipini vya mlangoni alivisafisha kwa mswaki na spiriti, waya bapa tukautupa, akaweka mwingine aliouchomoa kwenye kompyuta mfu iliyokuwa chini ya meza.

Siku ya kuiwasha tulikuwa tumechagua Jumapili asubuhi, kwa sababu mashine za kusaga zinakuwa zimefungwa na umeme unatulia. Baba hakwenda kanisani. Sijawahi kumwona akikosa ibada kwa jambo ambalo halikuwa msiba. Alikaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini.

Fundi aliiunganisha diski yetu ndani ya kompyuta yake mwenyewe, pembeni ya diski yake, akawasha. Na hata huko, skrini ikawa buluu. Maandishi yaleyale, diski hii inahitaji kukaguliwa, bonyeza kitufe kama hutaki, na namba zikaanza kushuka. Nilitaka iachwe ijikague safari hii, nimechoka kukimbia. Fundi akanishika mkono. Alisema ukaguzi ukikuta kitu kilichochanika unaweza kukikatakata ili hesabu zake zikae sawa, kwa hiyo tuwatoe watu kwanza ndipo tukarabati nyumba. Akageuka kumtazama baba, kana kwamba ni daktari anayeomba sahihi ya ndugu. Baba akaitikia kwa kichwa. Fundi akabonyeza.

Ikafunguka. Majina ya zile kaseti yakajipanga kama nilivyoyaandika. Tukaanza kuzihamisha moja moja, na kila moja ilipokuwa ikivuka tulikuwa tukiitazama ile mistari ya kijani ikijaa bila kupumua. Mbili zilikataa katakata. Nilimwambia baba moja ni ya mwisho, ya baba mdogo peke yake, na nyingine pia ni ya baba mdogo, ile ambayo yeye mwenyewe aliniambia niipe jina la mgogoro wa mbuzi. Baba akasema hizo ziende salama, mdogo wake bado yu hai na hadithi ya mbuzi anaipenda, ataisema tena akiulizwa. Hapo ndipo tulipocheka kwa mara ya kwanza siku ile. Za bibi zilivuka zote. Fundi akazichoma kwenye sidii, halafu akachoma nyingine, halafu baba akamwomba nyingine tena, ya kupeleka ng'ambo. Ndipo tukairuhusu diski ijikague. Ikaenda hadi asilimia mia, ikaonyesha sehemu chache zilizokufa, ikazifungia, na toka hapo skrini haikuwahi tena kuwa buluu asubuhi.

Mchana ule tulirudi nyumbani, nikairudisha mashine mahali pake katika chumba kilichofagiliwa na kuachwa wazi madirisha. Niliwasha, nikainuka nitoke kama kawaida. Baba akasema nikae.

Akabonyeza mwenyewe. Ukasikika mkwaruzo wa kitufe, jogoo mbali, kisha bibi. Sauti nyembamba, kavu kidogo, isiyo na haraka. Alisema maneno machache nikayatambua kuwa ni salamu. Halafu kimya. Kimya kikaendelea, hakuna hata pumzi, nikajua imekwama tena, nikarusha mkono kwenye kitufe. Baba akaushika mkono wangu katikati ya njia. Akaiitikia salamu. Aliiitikia kwa Kimakonde, kwa sauti ya heshima, ameinamisha kichwa, na alipomaliza bibi akaendelea, kama mtu aliyeridhika na jibu. Akauliza jingine, akanyamaza. Baba akajibu. Ndivyo alivyokuwa akirekodi kaseti zake zote. Hakujua kusema na mtu bila kumpa nafasi ya kuitikia, kwa hiyo aliuliza, akangoja, kwa muda uleule ambao mtu mzima mwenye adabu angehitaji kujibu, kisha akaendelea. Na baba miaka yote hiyo, akiwa amejifungia na redio na baadaye na kompyuta, alikuwa humo ndani akimjibu.

Waliongea hivyo kwa muda. Mimi nilishika neno moja hapa na jingine pale: mvua, mihogo, mguu. Kisha bibi akataja jina langu. Ni jina lake pia. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, ingawa hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Aliuliza kitu, akanyamaza.

Baba hakujibu. Akanigeukia.

"Somo wako anakuuliza wewe."

Nilikuwa na Kimakonde cha kuombea maji. Nikachukua nilichokuwa nacho nikamwambia kwamba nipo, mimi ni mzima. Kimya kile kilinitosha kabisa, hakikupungua wala kuzidi. Kisha bibi akasema neno ambalo sikulijua, na baba akanitafsiria kwamba amesema vizuri, amefurahi, na sasa anataka kuhadithia habari za mihogo.